Mkubwa ni Masizi: Hotuba kwa Walenga Shabaha wa Baruti Nyeusi

Ndugu zangu walenga shabaha, wazee mliotutangulia katika kazi hii, na nyinyi vijana mnaoshika bunduki za namna hii kwa mara ya kwanza, asanteni kwa kunipa nafasi.

Nitaanza na neno. Katika Kiswahili, risasi ni madini kwanza, kitu kinachoruka baadaye. Ndiyo maana tuna kalamu ya risasi, na ndiyo maana yale madini mazito ya kijivu tunayaita risasi. Lugha yetu inakumbuka enzi ambapo kilichotoka mtutuni kilikuwa risasi tupu, iliyoyeyushwa na kusubiwa, yaani kumiminwa ipate umbo, kwa mkono. Leo tunazungumzia kazi hiyohiyo. Ili tusichanganyane, madini nitayaita risasi, na kinachoruka nitakiita kichwa. Kitu kizima, yaani ganda la shaba, fataki (kile kiwasho kidogo cha kitakoni), baruti na kichwa, nitakiita kiasi, kama walivyosema wazee: kiasi cha bunduki. Ni neno lenye haki yake, maana kila kimoja ni kipimo kilichokwisha kupimwa.

Nina jambo moja la kuwaambia, na mengine yote ni matawi yake. Katika kazi hii, mkubwa ni masizi. Baruti, kichwa, mafuta, kitambaa, maji, hata pumzi yako, vyote vinayatumikia masizi au vinaadhibiwa nayo.

Baruti nyeusi ni shura (chumvi ya potasiamu), makaa na kiberiti, yaani salfa. Mchanganyiko uliozoeleka ni sehemu 75 za shura, 15 za makaa na 10 za kiberiti. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Hubaki yabisi: chumvi za potasiamu pamoja na mabaki mengine meusi. Baadhi hutoka na ule moshi mweupe mnaoupenda, na baadhi huganda ndani ya mtutu. Kiasi kiitwacho .45-70 (upana wa kichwa kwa inchi, kisha uzito wa baruti kwa greni) ambacho jeshi la Marekani lilikipokea mwaka 1873 kilibeba greni 70 za baruti, ambazo ni gramu nne na nusu. Hesabu mwenyewe: kila mlio unazaa zaidi ya gramu mbili za uchafu. Baruti ya kisasa isiyo na moshi huungua karibu yote ikawa gesi, kwa hiyo mtu aliyelelewa na bunduki za kisasa hupiga milio hamsini bila kuwaza kusafisha. Akija huku na tabia hiyo, mtutu utamfundisha kabla hajafika mlio wa kumi.

Mimi ulinifundisha. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa napiga mita 200. Milio mitano ya mwanzo ilikaa pamoja, ungeweza kuifunika kwa kiganja. Wa sita ukasogea. Wa nane ukaondoka kabisa. Wa kumi ukatoboa karatasi kwa ubavu; tundu lilikuwa refu kama kokwa la tende, maana kichwa kilifika kikiwa kimelala. Nikabadilisha baruti. Nikabadilisha kilengeo. Nikafika mahali pa kutaka kuiuza bunduki. Ndipo mzee mmoja akanijia, akaniambia nifungue nyuma ya mtutu, nichukue mdeki, ule ufito wa kusukumia, na kitambaa kilicholowa maji, nisukume polepole. Kitambaa kilipita bila taabu mpaka zilipobaki kama sentimita ishirini kufika mdomoni. Hapo kikagoma. Mkono wangu ulihisi kitu kikavu na cha kukwaruza, kama unapitisha jiwe juu ya jiwe. "Umesikia?" akaniuliza. "Mafuta yako yameisha kabla mtutu haujaisha."

Ule ulikuwa ukoga, kama ule unaoganda kwenye meno yasiyopigwa mswaki. Tuliulowesha, tukaufuta, na mlio uliofuata ukarudi pale ilipokuwa mitano ya kwanza. Bunduki haikuwa na kosa, baruti haikuwa na kosa. Tangu siku ile, mlio ukipotea, naanza kuuliza masizi kabla ya kuuliza kitu kingine chochote.

Sasa tuingie kwenye kichwa chenyewe. Kwa nini tunasubu risasi laini wakati siku hizi kuna vichwa vilivyovikwa shaba? Kwa sababu baruti nyeusi husukuma kwa mpigo wa ghafla, na kichwa laini kikipokea mpigo huo kitako chake hufutuka, kikajaza mifuo ya mtutu, ile michirizi ya ndani inayokizungusha kichwa, na kuziba njia ya moto. Mfaransa Minié alijipatia sifa mwaka 1849 kwa kichwa chenye shimo kitakoni, ambacho kiliteremka kwa urahisi ndani ya mtutu wenye masizi na kisha kikatanuka kikipigwa. Mnaona? Hata yeye alikuwa anayatafutia masizi njia. Sisi tunajaza kwa nyuma, hatuhitaji shimo lile, ila tunahitaji ulaini uleule.

Lakini risasi tupu ni laini kupita kiasi, na haijazi vizuri kalibu, ile chapa ya kusubia. Kwa hiyo tunaongeza bati kidogo. Sehemu moja ya bati kwa 20 za risasi ni mahali pazuri pa kuanzia. Wengine huenda moja kwa 16, wengine moja kwa 30. Kichwa cha Martini-Henry, bunduki ya jeshi la Uingereza tangu 1871, kilikuwa sehemu moja ya bati kwa 12 za risasi, uzito wa greni 480, yaani gramu 31. Vyuma vya kuokota, kama vile vipande vya kusawazishia magurudumu ya magari, mimi sivitaki. Vina antimoni inayogandisha kichwa kikawa kigumu, na siku hizi vingine ni zinki, na zinki kidogo tu ikiingia chunguni huharibu chungu kizima. Nunua risasi unayoijua.

Kazi ya kusubu naipenda kuliko hata kupiga, sitaficha. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Ukiiacha ipande juu zaidi mpaka itiririke vizuri, uso wake unang'aa kama kioo, halafu ukungu wa rangi unatanda juu yake. Tupia kipande cha nta ya nyuki, koroga kwa kijiti kikavu ukikwangua chini na pembeni, kisha okoa taka zinazoelea. Kalibu nayo lazima ipate moto. Vichwa vya kwanza vitatoka na makunyanzi kama ngozi ya mzee, hiyo ni dalili ya kalibu baridi. Virudishe chunguni, endelea. Vikianza kutoka vyeupe-vyeupe kama vina umande, umezidisha moto. Kati ya makunyanzi na umande ndipo penye kichwa chako. Baada ya kumimina, usiondoe upawa haraka. Mimi huhesabu mpaka tano, ili risasi ya moto iendelee kushuka na kujaza nafasi kadiri ile ya ndani inavyosinyaa.

Ukimaliza, usiangalie pua ya kichwa, geuza uangalie kitako. Kitako ndicho usukani. Pua yenye kovu dogo bado itafika, lakini kitako chenye pembe iliyomeguka huachia moto upande mmoja pale mdomoni mwa mtutu, na kichwa kinayumba tangu hatua ya kwanza. Halafu pima. Vichwa vya greni 500 nikivipima, vilivyo ndani ya greni moja juu au chini naviweka pamoja. Chenye upungufu mkubwa kina tundu la hewa tumboni, hata kama kwa nje ni kizuri kama lulu.

Kuna mawili kuhusu chungu ambayo nitayasema kwa sauti kubwa. La kwanza ni maji. Mwenzangu mmoja alirudisha chunguni kichwa kibaya alichokuwa amekipoza kwenye maji, hakukikausha. Maji yakazama chini ya risasi ya moto yakawa mvuke kwa kufumba na kufumbua, na chungu kikatema karibu chote kilichokuwa ndani. Alikuwa amevaa miwani, glavu na mikono mirefu, na hizo ndizo zilizomwokoa macho. Jasho, mvua, chupa ya kinywaji, vyote vikae mbali. La pili ni sumu. Risasi haiumi siku ile, inajikusanya mwilini miaka. Njia yake kubwa kwa watu kama sisi ni mkono kwenda mdomoni. Sehemu iwe na hewa, usile wala usivute sigara hapo, nawa kwa sabuni ukimaliza, nguo za kazi zifuliwe peke yake. Watoto na mama wajawazito wasikaribie kabisa. Mtoto anaumizwa hata na chembe ndogo sana.

Mafuta. Mifereji iliyoko ubavuni mwa kichwa kazi yake ni kubeba mafuta, na kazi ya mafuta ni kuyaweka masizi laini mpaka mdomoni. Nta ya nyuki na shahamu ya ng'ombe, pengine na mafuta ya mimea ya kulainisha zaidi, vinaelewana na baruti nyeusi. Mafuta mengi yatokanayo na petroliamu hayaelewani nayo, yakichanganyika na masizi hufanya kitu kama lami. Kama mafuta yako yanatosha, baada ya milio kadhaa utaona nyota ya mafuta imechoreka kwenye mdomo wa mtutu. Ukiiona, shukuru. Isipokuwepo, rudi kwenye hadithi yangu ya mita 200.

Nisimame hapa kidogo, maana mafuta haya yamewahi kutikisa dola. Mwaka 1857 askari wa Kihindi waliokuwa chini ya Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki walipewa bunduki mpya za Enfield. Viasi vyake vilikuwa vya karatasi iliyopakwa mafuta, na askari alitakiwa kuikata karatasi kwa meno. Habari ikaenea kwamba mafuta yale ni ya ng'ombe na ya nguruwe. Kwa Mhindu na kwa Mwislamu, huko kulikuwa kulazimishwa kuvunja dini kila unapojaza bunduki. Manung'uniko mengine yalikuwepo tangu zamani, lakini cheche ilitoka hapo, na uasi uliofuata ukaimaliza ile Kampuni kama mtawala wa India. Na yale mafuta yaliwekwa pale kwa sababu ileile niliyowaeleza: mtutu wa mifuo wenye masizi makavu haukubali kichwa.

Kujaza ganda. Fataki nitaipita haraka: iingie mpaka chini, isichomoze. Kwenye baruti nitakaa.

Kanuni ya kwanza: katika ganda la shaba la bunduki hizi, pasiwe na nafasi ya hewa kati ya baruti na kichwa. Baruti nyeusi inataka kukaa imebanwa. Ukiacha uwazi, mtutu unaweza kutunishwa au kuharibiwa. Kiswahili kina kitenzi chake hasa, kushindilia, na ni kitenzi cha haki, ila tunashindilia kwa kipimo. Ninamimina baruti polepole kupitia bomba refu la kama sentimita sitini, ili chembe zijipange zenyewe zikishuka. Ukimimina kwa pupa hazitatosha. Ukimimina kwa subira zinaingia na nafasi inabaki. Juu yake naweka kizibo cha karatasi ngumu cha kama milimita moja na nusu, kinachokilinda kitako cha kichwa na moto. Kisha nashindilia kwa kifaa chake maalumu, kamwe si kwa kichwa chenyewe, maana risasi laini itabonyea na kazi yote ya kusubu imepotea. Kila baruti ina kiwango chake cha kubanwa inachokipenda, na utakijua kwa kujaribu kidogo kidogo na kuandika. Ikibanwa sawasawa, inaungua vilevile kila mara, na masizi yake yanakuwa ya namna moja. Masizi ya namna moja ndiyo tunayoyatafuta. Kuyaondoa yasiwepo kabisa haiwezekani.

Kanuni ya pili, na hii naomba hata aliyesinzia aamke. Baruti isiyo na moshi haiingii humu. Mfaransa Paul Vieille aliivumbua mwaka 1884, na miaka miwili baadaye bunduki ya Lebel ikaanza kuitumia. Tangu hapo dunia ina vitu viwili vinavyoitwa baruti na visivyofanana. Ganda linalojazwa hadi juu kwa baruti nyeusi, ukilijaza hivyohivyo kwa ile nyingine, umetengeneza bomu karibu na jicho lako. Mimi sina makopo mawili mezani. Naanza na kopo moja, nalirudisha ghalani, ndipo kazi nyingine ianze. Vipimo vya kujazia nachukua kwenye kitabu cha mtengenezaji, na bunduki ya zamani haipigwi kabla fundi wa bunduki hajaikagua. Na kila nchi ina sheria yake juu ya kuweka baruti na kujaza viasi. Ijue ya kwako kabla ya kununua chochote. Baruti nyeusi haihitaji kufungiwa ili iwake ghafla. Cheche moja juu ya meza inatosha.

Sasa tuko uwanjani. Umelala au umekaa, bunduki iko juu ya vijiti viwili vilivyopishana. Umepiga. Moshi umeziba kila kitu na huoni kitu. Katika mashindano ya sanamu za chuma tunapiga kuku mita 200, nguruwe 300, bata mzinga 385 na kondoo dume 500. Kuku tunampiga kwa kusimama, bila kuegemea chochote. Kwa kondoo dume, kichwa chetu kizito na cha polepole kinasafiri zaidi ya sekunde moja na nusu, na sauti ya chuma kurudi inachukua karibu muda huohuo. Kwa hiyo una kama sekunde tatu, umelala ndani ya wingu lako mwenyewe, unangoja "ting". Nimefanya mambo mengi maishani, lakini sekunde tatu zile sijazipata kwingine.

Usizipoteze zinazofuata. Toa ganda, na kabla ya kuweka kiasi kingine, chukua bomba lako la kupulizia. Wengi wetu tumelitengeneza kwa ganda kuukuu lililotobolewa kitako na kuunganishwa mpira mwembamba. Lichomeke kwenye chemba, pale kiasi kinapokaa nyuma ya mtutu, hakikisha hakuna kiasi ndani, puliza pumzi ndefu, taratibu. Unyevu wa mapafu unaingia unalainisha ukoga. Siku yenye unyevunyevu pumzi tatu zinanitosha. Siku kavu yenye jua kali nafika sita na zaidi. Wapo wasiotumia bomba, wao hufuta kwa kitambaa chenye maji baada ya kila mlio, na siwapingi, maana ndivyo walivyofanya wengi wa wapigaji wa masafa marefu zamani. Ninachokataa ni kuchanganya: huu umepuliza, ule umefuta, mwingine umesahau. Kichwa kinataka kukuta barabara ileile kila kinapopita.

Mwaka 1874 huko Creedmoor, New York, Ayalandi na Marekani walishindana kwa yadi 800, 900 na 1,000. Waayalandi walikuwa na bunduki za kujaza kwa mbele, Wamarekani na za kujaza kwa nyuma, za Remington na Sharps. Wengi walidhani za mbele ndizo zenye shabaha. Marekani ilishinda kwa 934 dhidi ya 931. Na Mwayalandi mmoja, Milner, alipiga katikati kabisa, alama nne kamili, ila kwenye shabaha isiyokuwa yake. Alama zile nne hazikuhesabiwa. Kila ninapolala nyuma ya bunduki nahesabu kwanza namba ya shabaha yangu kutoka pembeni, kwa ajili yake.

Mwisho ni usafi, na hapa watu wa bunduki za kisasa hushangaa. Masizi ni chumvi. Chumvi huyeyuka kwa maji. Mafuta ya bunduki peke yake hayaiondoi, yanaifunika tu, nayo inaendelea kuvuta unyevu wa hewa na kula chuma huku wewe umelala. Tumia maji, yenye sabuni kidogo ukipenda, vitambaa mpaka kimoja kitoke cheupe, kausha, ndipo upake mafuta. Fanya siku hiyohiyo. Maganda nayo yatumbukize kwenye chupa ya maji ya sabuni ukiwa bado uwanjani, kwani masizi yanakula shaba pia. Nimeona mtutu mzuri wa miaka zaidi ya mia ukiwa umetobokatoboka ndani kwa sababu mtu alisema atausafisha kesho.

Wakati umekwenda. Vijana, chukueni vijiti vyenu na mabomba yenu ya kupulizia, mwende upande wa kulia ambako upepo utaondoa moshi. Hakikisheni mitutu imekaushwa mafuta yote kabla ya kiasi cha kwanza. Milio miwili ya mwanzo haitahesabiwa kwa mtu yeyote. Hiyo ni ya kuupaka mtutu masizi. Kuanzia wa tatu, tutaandika.